Ukumbusho: Mchoraji wa Lubumbashi na Mavazi ya Madaraka

Maneno matatu ya Kiswahili yamezaliwa na mzizi mmoja, nasi huyatumia kila siku bila kuyatofautisha: kumbukumbu, ukumbusho na makumbusho. Nilipokuwa nikifundisha sarufi katika shule za sekondari hapa mkoani Singida, niliyaandika ubaoni kama mfano wa unyambulishaji, nikapita. Kumbuka, kumbusha: kauli ya kutenda, kauli ya kutendesha. Wanafunzi walinakili, kengele ikalia. Sikuwahi kuwaambia, kwa kuwa mwenyewe nilikuwa sijaliwaza, kwamba ukumbusho una mtendaji na mtendwa. Kumbukumbu yaweza kulala sandukuni, au moyoni mwa mtu mmoja hadi akazikwa nayo. Ukumbusho hauwi ukumbusho mpaka awepo mtu wa kumkumbusha mwenzake. Na walipo watu wawili na jambo la zamani kati yao, siasa haiko mbali.

Aliyenifungua macho kuhusu neno hilo si mwanaisimu bali ni mchoraji. Jina lake Tshibumba Kanda-Matulu, mzaliwa wa mwaka 1947 katika mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kusini mwa Kongo. Alichora kwa rangi juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akauza picha zake kwa watu wa mji huo wa machimbo ya shaba: makarani, mafundi, walimu, wafanyakazi wa migodi. Picha hizo zilitundikwa sebuleni. Zilipoulizwa ni za nini, jibu la mji mzima lilikuwa neno moja la Kiswahili: ukumbusho.

Kabla sijafika kwenye picha zenyewe, niseme jinsi Kiswahili kilivyofika huko, kwa maana njia ilipita kwetu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, ikaingia katika pori lililoogopwa la Mgunda Mkali, lililoko upande wa Manyoni na Itigi ya leo, ndipo ikafika Tabora, Ujiji, na kuvuka ziwa kwenda Manyema. Mfalme Msiri, aliyetawala Katanga kutoka Bunkeya na kuuawa tarehe 20 Desemba 1891, alikuwa na asili ya magharibi ya Tanganyika. Baadaye migodi ya shaba ilikusanya vibarua wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi, ya soko na ya jikoni. Kwa hiyo Kiswahili cha Lubumbashi si mtoto wa kambo aliyeokotwa njiani. Ni ndugu aliyepita mlangoni petu akaenda kuishi mbali, akabadilika lafudhi.

Mwaka 1973, Tshibumba alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu mjini Lubumbashi. Mchoraji alimweleza kwamba yeye hachori picha za mapambo tu. Yeye ni mwanahistoria, na angependa kuchora historia yote ya nchi yake. Hadi mwaka 1974 alikuwa amemaliza zaidi ya picha 100, zilizofuatana kama sura za kitabu, toka zama za kale hadi siku zake mwenyewe, na nyingine chache alizozielekeza kwenye wakati ujao. Wawili hao walikaa na kinasa sauti. Picha moja baada ya nyingine, Tshibumba akasimulia kwa Kiswahili. Masimulizi hayo ndiyo uti wa mgongo wa kitabu cha Fabian cha mwaka 1996, Remembering the Present, jina ambalo mimi hulifasiri "Kuikumbuka Leo". Jina hilo lina fumbo. Mtu hukumbuka jana. Imekuwaje akumbuke leo?

Tuitazame picha iliyopendwa kuliko nyingine nyingi, ambayo Tshibumba aliichora mara nyingi kwa wanunuzi mbalimbali, na wachoraji wenzake pia waliichora. Huitwa "Colonie belge", yaani Koloni la Ubelgiji, na kwa kawaida huwa na tarehe: 1885 hadi 1959. Tunaona ua wa gereza. Mfungwa amelazwa kifudifudi na anachapwa. Wafungwa wengine wamevaa nguo za mistari. Kando yuko ofisa Mbelgiji na sare yake, ametulia, anatazama. Wanawake wamekuja na chakula au na machozi. Na anayeshika kiboko ni nani? Ni askari Mwafrika, mwenye sare aliyopewa na serikali.

Mwalimu wa historia akiitazama tarehe hiyo, mkono humwasha kutafuta kalamu nyekundu. Mwaka 1885 Kongo haikuwa koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili, na Ubelgiji iliichukua rasmi mwaka 1908. Uhuru nao haukuja 1959 bali tarehe 30 Juni 1960. Basi mchoraji amekosea pande zote mbili? Nilipofikiri zaidi niliona kwamba ametunga. Kwa mgongo wa mfungwa, kiboko cha mfalme na kiboko cha bunge la Ubelgiji vilikuwa kiboko kimoja. Na mwaka 1959, tarehe 4 Januari, wakazi wa Léopoldville waliingia barabarani, na utawala wa Wabelgiji haukurudi tena katika hali yake ya zamani. Hiyo ni tarehe ya watu; 1960 ni tarehe ya mikataba.

Lakini tarehe hiyo ina kazi nyingine, nayo ndiyo inayonifanya nimwite Tshibumba mfumbaji. Ni kinyago. Fikirini sebule ya Lubumbashi mwaka 1973. Mgeni ameketi, macho yake yanapanda ukutani: gereza, sare, kiboko. Mwenyeji anasema, hayo ni mambo ya zamani, ya Wabelgiji. Tarehe yenyewe ile pale, imekwisha fungwa. Ni kweli, na hakuna polisi awezaye kumkamata mtu kwa kuwasema Wabelgiji. Ila mgeni huyo pengine njiani amesimamishwa na askari mwenye sare, akadaiwa kitambulisho, akatoa alichonacho ili aachiwe. Anaitazama picha tena. Ofisa Mbelgiji amekwenda zake. Sare imebaki, kiboko kimebaki, na aliyekishika ni yule yule. Wenyeji wetu walishasema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Waandishi wetu waliijua hila hiyo. Shaaban Robert, akiandika chini ya utawala wa Mwingereza, aliipeleka Kusadikika angani ili Karama asimame kizimbani na kusema yasiyosemeka ardhini. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Mashetani ya mwaka 1971, aliwaweka vijana wawili, Juma na Kitaru, wacheze mchezo wa Shetani na Binadamu, ili tuulize kama aliyeondoka ameondoka kweli au amebadili umbo. Wa kwanza alijificha katika nchi isiyokuwapo, wa pili katika mchezo ndani ya mchezo. Tshibumba alijificha katika jana. Katika maficho yote, hilo ndilo gumu zaidi kwa mtawala kulivunja, maana atalivunja vipi bila kukiri kwamba jana inafanana na leo?

Na kabla ya kalamu na brashi, hila hiyo ilikuwa miguuni mwa wachezaji. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma wana mapiko, vinyago vya kuvaliwa kichwani huku mwili wote umefunikwa. Na katika zama za ukoloni mapiko hayakuishia kwenye wafu na wanyama, bali yaliwachezesha pia Wazungu wenye vyeo. Pwani ya Kenya, tangu miaka ya 1890, ilichipuka ngoma ya beni, ambayo baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilisambaa hadi bara kwa miguu ya askari na wapagazi. Wacheza beni walivaa kofia, kanda na nishani, wakapeana vyeo vya kizungu, wakaenda gwaride na kutungiana nyimbo za kusutana. Wakoloni walicheka kwanza, wakidhani wanaigwa kwa kusifiwa. Baadaye wengine waliingiwa na shaka. Terence Ranger, aliyeandika historia ya beni mwaka 1975, alionyesha kwamba haikuwa kuiga kitupu. Mimi huongeza kwa lugha yetu: mara nyingine sifa za mcheza ngoma ni kilemba cha ukoka. Anayevikwa hujiona sultani, kumbe mbuzi wanakitazama kilemba kwa tamaa.

Tshibumba alikuwa jamaa wa watu hao, kwa sababu katika picha zake mavazi husema kabla ya midomo. Naye alichora katika nchi iliyotawaliwa kwa mavazi. Mobutu, aliyewahi kuwa sajini katika jeshi la wakoloni na kutwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965, aliibadili nchi jina kuwa Zaire mwaka 1971, akawataka raia waache majina ya Kikristo, na suti yenye tai ikapigwa marufuku. Badala yake lilikuja vazi lisilohitaji tai, lililoitwa abakosti, jina lililokatwa katika tamko la Kifaransa lenye maana ya "suti na ianguke". Kichwani mwake mwenyewe aliweka kofia ya ngozi ya chui. Waswahili humwogopa chui aliyevaa ngozi ya kondoo. Kule alikuwepo mtu aliyevaa ngozi ya chui mchana kweupe, naye akaamuru apigiwe makofi.

Tusiwacheke jirani. Sisi nasi tulivaa suti za Kaunda tukajiona tumeuvua ukoloni, na mwaka 1968 vijana wa TANU walianzisha Operesheni Vijana kupambana na sketi fupi na suruali za kubana. Hata lugha yetu ilishughulika na nguo mpya za wakubwa: neno naizesheni, lililotokana na sera ya kuwapa Waafrika nafasi za Wazungu, liligeuka kuwa jina la mtu mwenyewe aliyekalia kiti cha Mzungu na kujikuta anakalia pia tabia zake. Neno hilo ni picha ya "Colonie belge" iliyochorwa kwa silabi.

Sasa nije kwenye picha nzito kuliko zote. Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, katika Katanga iliyokuwa imejitenga chini ya Moise Tshombe. Waliuawa si mbali na mji wa Tshibumba, naye alikuwa kijana wa miaka 13 au 14. Maiti ziliharibiwa ili pasiwe na kaburi. Kwa miaka zaidi ya 60 familia haikuwa na kitu cha kuzika. Mwezi Juni 2022 ndipo Ubelgiji iliporudisha jino moja.

Tshibumba aliichora mauti hiyo. Miili mitatu imelala chini, na nyuma yake, kilimani, imesimama misalaba mitatu. Damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba inatiririka na kuandika neno ardhini, neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Katika masimulizi yake mchoraji hakuficha alichokusudia: Lumumba amefananishwa na Yesu, aliyekufa kwa ajili ya wengine.

Wengine wataona hiyo ni sifa iliyopita kiasi. Mimi naona istiara yenye makali, kwa sababu istiara haiji peke yake. Huja na jamaa zake wote. Ukimweka mtu msalabani, msikilizaji aliyelelewa na Injili huanza mwenyewe kuwatafuta waliobaki. Hadithi ile ina Yuda, ina Pilato, ina askari waliogawana mavazi. Mobutu alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa mwaka 1966, ilhali yeye Mobutu ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi lililomkamata na kumfunga kamba. Mchoraji akisema waziwazi nani ni Yuda, atalala ndani usiku huo huo. Akichora misalaba mitatu, amemheshimu shujaa wa taifa kama serikali ilivyoagiza. Sehemu ya shairi iliyobaki anaimaliza mtazamaji, kimya kimya, akiwa kwenye kiti chake sebuleni. Na mahali pasipo kaburi, gunia la unga limekuwa jiwe la kaburi.

Watunzi wenzangu wa mashairi, hapa pana somo kwetu. Tumezoea kudhani fumbo ni kuficha maana. Tshibumba hakuficha kitu. Kila kitu kiko mbele, chini ya taa. Alichofanya ni kuacha nafasi moja wazi, ya ukubwa wa mtu mmoja, na kuzipanga nguo zote za jirani kwa namna ambayo kila mtazamaji anajua ni nani anayeweza kuitosha nafasi hiyo.

Nina deni la kulikiri. Katika miaka ya 1980, nikiwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu na shahada yangu ya kujiamini, nilikuwa na mwanafunzi aliyehamia kwetu kutoka upande wa Kigoma, ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ya ziwa. Niliwapa darasa insha. Yeye aliandika kurasa tatu juu ya babu yake aliyefanya kazi migodini. Niliona "bantu banapita" mahali pa "watu wanapita", nikaona "muzuri", nikaona neno la Kifaransa limejibanza katikati ya sentensi, na wino mwekundu ukamwagika. Nilimpa alama 4 kati ya 20, na kwa kuwa nilitaka darasa lijifunze, nilizisoma sentensi zake kwa sauti. Darasa lilicheka. Insha iliyofuata aliandika nusu ukurasa, sanifu kabisa, juu ya umuhimu wa kilimo.

Nilikuwa sahihi kwa mujibu wa mtaala. Kiswahili sanifu ni mali yetu, nimekitumikia maisha yangu yote, na sitarajii mtihani wa taifa usahihishwe kwa lafudhi ya Lubumbashi. Lakini hiyo ba- niliyoicheka iko vinywani mwa majirani zetu Wasukuma na Wanyamwezi kila siku ya soko. Na katika Kiswahili hicho hicho, mwaka 1965, André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani: historia ya nchi iliyoandikwa na waliokuwa wakipika na kufua. Katika Kiswahili hicho Tshibumba alisimulia picha zaidi ya 100. Wakati huo mimi nilikuwa nahesabu makosa ya upatanisho wa kisarufi. Kati ya kurasa tatu za yule kijana, nakumbuka kwamba babu alichapwa, na kwamba aliyemchapa alikuwa mtu wa kijiji chao. Sikumbuki zaidi, kwa sababu sikuwa nikisoma, nilikuwa nikisahihisha.

Miaka ya katikati ya 1970 bei ya shaba ilianguka, mishahara ya Lubumbashi ikakauka, na kuta za sebule zikakosa wanunuzi. Tshibumba mwenyewe alipotea machoni mwa waliomjua mwanzoni mwa miaka ya 1980, hata hakuna aijuaye siku yake ya mwisho. Picha alizomchorea Fabian ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho. Zimetunzwa vizuri, bila mchwa wala moshi wa jikoni. Huko mtazamaji hupita, husoma maelezo, huenda kwenye chumba kingine. Hakuna mwenyeji wa kumwambia "hayo ni ya zamani" huku akimtazama usoni. Kutoka ukumbusho hadi makumbusho ni kubadili kiambishi tu, lakini njiani ameanguka mtu: yule anayekumbushwa.

Nikitazama kwetu, najiuliza tumetundika nini. Picha za mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, zimeipa nchi yetu sifa duniani, nami nazipenda. Ila tangu mwanzo mnunuzi wake mkuu alikuwa mgeni, na mgeni hutaka chui wa porini, si chui wa ikulu. Kazi ya kuwavisha wakubwa mavazi yanayowastahili imebebwa zaidi na wachora katuni. Gado, Mtanzania mwenzetu aliyepata jina katika magazeti ya Kenya, aliwahi kumchora rais wa nchi hiyo akiburuta mnyororo na tufe la chuma mguuni katika kila katuni, wakati wa kesi ya The Hague, mpaka wasomaji wakalizoea tufe lile kama sehemu ya mwili wake. Katuni hata hivyo hufungiwa maandazi kesho yake. Ukutani mwa sebule zetu za Singida kuna kalenda, picha za harusi na saa.

Yule mwanafunzi sasa ni mtu mzima wa miaka zaidi ya 50, popote alipo. Sina daftari lake. Nimejaribu mara kadhaa kuitunga upya insha ile kwa ushairi, beti zikaja na vina vikakubali, lakini kila mara babu yake huzungumza Kiswahili changu.